Mafahali Wawili Zizi Moja: Kilio cha Watazamaji wa Conan O'Brien

Jumatatu ya tarehe 18 Januari 2010 mvua kubwa ilinyesha mjini Los Angeles, katika jimbo la California, pwani ya magharibi ya Marekani. Mji ule hupata mvua chache kwa mwaka, na wakazi wake aghalabu hukaa ndani wingu linapotanda. Lakini siku hiyo mamia ya watu, wengi wao vijana, walisimama nje ya studio za Universal wakiwa wamelowa chepechepe. Baadhi yao walivaa nywele za bandia za rangi ya chungwa. Wengine waliinua mabango yaliyoanza kuchujuka kwa maji, wakaimba na kupiga kelele wakilitaja jina la mtu mmoja.

Watu hao hawakuja kudai nyongeza ya mishahara, wala kupinga vita au kodi. Walikuja kumtetea mchekeshaji wa televisheni, Bw. Conan O'Brien, aliyekuwa mbioni kupoteza kiti chake baada ya miezi saba tu. Bw. O'Brien mwenyewe alijitokeza kwa muda mfupi kuwasalimu. Siku nne baadaye alifanya kipindi chake cha mwisho, akaondoka.

Ndugu msomaji huenda akauliza: je, kuondoka kwa mtu anayelipwa mamilioni ya dola kwa kazi ya kuchekesha ni jambo la kumtoa mwananchi nyumbani kwake akasimame mvuani? Swali hilo ni la haki, na Wamarekani wenyewe waliliuliza. Jibu lake linahusu mambo mawili ambayo hayana mipaka ya nchi: ahadi iliyovunjwa, na upendo uliochelewa.

KITI CHENYEWE

Hapana budi kwanza kueleza kiti kilichogombewa. Katika televisheni ya Marekani kuna aina ya kipindi kinachoanza usiku, baada ya taarifa ya habari ya kila mji. Mwenyeji wa kipindi huingia jukwaani amevaa suti na tai, akasimama mbele ya hadhira na kufanya mizaha juu ya habari za siku hiyo. Kisha huketi nyuma ya meza, na wageni mashuhuri, kama vile wacheza sinema, waimbaji na wanasiasa, huja mmoja mmoja kuketi kando yake na kuzungumza. Bendi hupiga muziki. Baada ya muda wa saa moja hivi mambo huisha, nao watazamaji huzima taa.

Ni rahisi kudhani kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Lakini mtu anayeifanya huingia katika nyumba za watu karibu kila usiku, mwaka baada ya mwaka, katika saa ambayo wageni wengine wote wamekwisha kuaga. Wengi humtazama wakiwa kitandani. Sauti yake ndiyo ya mwisho kusikika kabla ya usingizi. Yeye ni mfano wa jirani anayekuja barazani kila usiku, akasimulia yaliyotokea mjini, akawachekesha waliochoka, kisha akaenda zake. Jirani wa namna hiyo akikosekana ghafla, watu hawaulizi alikuwa akilipwa kiasi gani. Huuliza yuko wapi, na nani kamwondoa.

Kipindi kikongwe kuliko vyote vya aina hiyo ni The Tonight Show, jina ambalo maana yake ni kipindi cha usiku wa leo. Kilianza kurushwa na kampuni ya NBC tarehe 27 Septemba 1954, na mwenyeji wake wa kwanza alikuwa Bw. Steve Allen. Mwaka 1957 alifuata Bw. Jack Paar, mtu wa hamaki na machozi. Mwezi Februari 1960 wakubwa wa NBC walikata mzaha wake mmoja bila kumwuliza, naye akasimama mbele ya hadhira, akaeleza uchungu wake, akatoka studioni na kumwacha msaidizi wake aendeshe kipindi. Alirudi baada ya majuma machache. Hata zamani hizo, basi, kuondoka kwa mtu wa kiti hicho kulikuwa habari ya nchi nzima.

Tarehe 1 Oktoba 1962 kiti kilikaliwa na Bw. Johnny Carson, naye akakaa miaka takriban 30. Marais saba walikaa Ikulu ya Marekani katika muda huo. Alipoaga tarehe 22 Mei 1992, watu wapatao milioni 50 walimtazama. Usiku ule hakukaribisha mgeni yeyote. Aliketi kwenye kigoda, akawashukuru watazamaji, akawatakia usiku mwema huku machozi yakimlengalenga. Baada ya hapo hakutafuta tena kipindi kingine cha kila usiku, wala hakumsumbua aliyemfuata. Wamarekani wengi waliokua enzi hizo waliona kwamba hivyo ndivyo mtu mzima anavyopaswa kuondoka.

Hata hivyo urithi wake ulileta ugomvi. Watu wawili walikitaka kiti: Bw. Jay Leno na Bw. David Letterman. NBC ikampa Bw. Leno. Bw. Letterman, aliyeamini kwamba zamu ilikuwa yake, alihamia kampuni ya CBS, na kuanzia Agosti 1993 akawa mshindani wa saa ile ile. Jeraha hilo halikupona, na ndilo lililozaa makosa ya miaka iliyofuata.

AHADI YA MWAKA 2004

Mwaka 1993, Bw. Letterman alipoondoka, NBC ilihitaji mtu wa kushika kipindi chake kilichofuata The Tonight Show usiku wa manane. Ilimchagua kijana asiyejulikana, Bw. Conan O'Brien, mzaliwa wa Brookline katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Harvard na kuandikia wengine vichekesho, lakini hakuwa na uzoefu wa kusimamia kipindi kama hicho. Miaka ya kwanza wahakiki walimkejeli, na kampuni ikawa ikimwongezea mkataba kwa vipande vifupi vifupi. Alivumilia. Kidogo kidogo vijana wakampenda kwa mizaha yake ya ajabu, urefu wake wa kupita kiasi na kishungi chake cha nywele nyekundu.

Kufikia mwaka 2004 kampuni nyingine zilikuwa zikimtamani. Kwa kuogopa kumpoteza kama ilivyompoteza Bw. Letterman, NBC ilimwahidi kwamba mwaka 2009 angerithi kiti cha The Tonight Show. Bw. Leno mwenyewe aliitangaza habari hiyo mbele ya watazamaji wake mwezi Septemba 2004, akasema kwamba hakutaka kuona ugomvi wa zamani ukirudiwa. Bw. O'Brien akayaacha malipo makubwa zaidi aliyoahidiwa kwingine, akangoja miaka mitano.

Waswahili husema ahadi ni deni. Tatizo la deni hili lilikuwa kwamba mdaiwa aliahidi mali ambayo bado ilikuwa ikimletea faida. Ulipokaribia mwaka 2009 Bw. Leno alikuwa bado wa kwanza katika saa yake, akitazamwa na watu karibu milioni 5 kila usiku. Hakutaka kustaafu. Baadaye alikiri hadharani kwamba mwaka ule wa 2004 aliumia sana moyoni alipoambiwa kuwa atampisha mwingine. Sasa NBC ikaogopa kwamba yeye naye angehamia kwa washindani.

Kampuni ikaamua kuwashika wote wawili. Bw. Leno aliaga tarehe 29 Mei 2009, na Bw. O'Brien, aliyekwisha kuihamisha familia yake na wafanyakazi wake wengi kutoka New York hadi California, akaanza tarehe 1 Juni. Lakini mwezi Septemba mwaka huo huo Bw. Leno alirudishwa hewani, usiku tano kwa juma, katika kipindi kipya cha saa 4 usiku. Kilifanana sana na kile cha zamani, ila sasa kilitangulia kile cha mrithi wake.

Anayejua taratibu za majeshi atatambua mara moja kosa lililofanyika hapo. Kamanda anapokabidhi kikosi, hati hutiwa sahihi, gwaride hupangwa, saluti hupigwa, kisha kamanda wa zamani hupanda gari na kuondoka. Haondoki kwa sababu anachukiwa. Huondoka kwa sababu askari hawawezi kusikiliza sauti mbili. Hakuna jeshi linalomjengea kamanda wa zamani nyumba mbele ya lango la kikosi, ili kila anayeingia apite kwake kwanza. NBC ilifanya hivyo hasa. Mafahali wawili waliwekwa zizi moja, kisha mwenye zizi akashangaa ukuta ulipobomoka.

MIZANI YA BIASHARA

Kwa nini watu wenye elimu na uzoefu walifanya jambo hilo? Sababu ilikuwa fedha. Saa 4 usiku kampuni za Marekani huonyesha michezo ya kuigiza yenye gharama kubwa. Mazungumzo na mizaha hugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Wakubwa wa NBC walihesabu kwamba hata kama Bw. Leno angepata watazamaji wachache, bado kampuni ingepata faida.

Usiku wa kwanza, tarehe 14 Septemba 2009, zaidi ya watu milioni 17 walitazama. Lakini idadi hiyo iliporomoka upesi. Hapo ndipo hesabu ya kampuni ilipoonyesha kasoro. NBC haimiliki vituo vyote vinavyorusha vipindi vyake. Inategemea vituo washirika zaidi ya 200 vilivyoenea nchi nzima, vingi vikiwa mali ya wengine, na vituo hivyo hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na matangazo ya biashara katika taarifa ya habari ya saa 5 usiku. Mtazamaji aliyekwisha kuhama saa 4 hakurudi kwa ajili ya habari, na asiyekuwapo kwa habari hakuwapo kwa Bw. O'Brien. Kipindi cha Bw. O'Brien kilishuka hadi watu wapatao milioni 2 na nusu, na mpinzani wake Bw. Letterman akampita.

Wenye vituo washirika walilalamika, kisha wakatisha kukiondoa kipindi cha Bw. Leno katika ratiba zao. NBC ikasalimu amri. Tunapozungumza juu ya nguvu ya umma katika kisa hiki, hatuna budi kukumbuka kwamba kipindi cha saa 4 hakikuangushwa na mabango. Kiliangushwa na watu waliobadilisha kituo kimya kimya wakiwa nyumbani mwao.

DAKIKA 30 ZILIZOZUA GHASIA

Mwanzoni mwa Januari 2010 mpango mpya ulijulikana. Bw. Leno angerudi saa 5:35 usiku kwa nusu saa, na The Tonight Show ingesogezwa mbele hadi saa 6:05. Bw. O'Brien asingefukuzwa, wala cheo chake kisingeguswa. Angesogea dakika 30 tu.

Kwa mtu wa mbali dakika 30 si kitu. Lakini fikiria jina la kipindi. Kwa hesabu ya wazee wetu siku mpya huanza jua linapotua, hivyo usiku wote ni wa siku moja. Kwa Wamarekani siku hugeuka saa 6 kamili ya usiku. Kipindi kiitwacho cha usiku wa leo kikianza saa 6:05, basi kimekwisha kuangukia kesho. Tena kwa miaka zaidi ya 50 kipindi hicho kilikuwa kikifuata mara tu baada ya habari za usiku. Kukisogeza kulikuwa sawa na kumwachia mtu kofia ya cheo huku ukimnyang'anya ofisi.

Tarehe 12 Januari Bw. O'Brien alitoa waraka wa wazi, ambao kwa mzaha aliuelekeza kwa watu wote wa duniani. Alianza kwa kuwakataza watu wasimhurumie hata kidogo, kwa kuwa katika dunia yenye matatizo ya kweli yeye amekuwa na bahati ya kulipwa kwa kazi aipendayo. Kisha akaeleza kwamba alikua akimtazama Bw. Carson na kwamba kukaa katika kiti kile kulikuwa ndoto yake. Alisema hakupewa muda wa kukijenga kipindi kama mtangulizi wake, na kwamba kukisogeza hadi baada ya saa 6 usiku kungekiharibu, na pia kungewadhulumu wenzake wa vipindi vinavyofuata ambao nao wangesukumwa mbele. Kwa hiyo hangeshiriki katika uharibifu huo.

Waraka huo ulibadilisha mambo. Hadi hapo watu waliona mabishano ya mikataba. Sasa walimwona mtu akikataa kubaki na cheo kwa masharti yanayokivunjia heshima cheo chenyewe.

UMMA WASIMAMA

Siku chache zilizofuata zilikuwa za ajabu. Msanii mmoja alichora picha ya Bw. O'Brien mwenye kishungi cha rangi ya chungwa, bendera ya Marekani nyuma yake, na maneno ya kumwunga mkono kwa jina la utani la Coco. Picha hiyo ilienea katika mtandao wa intaneti kwa kasi ya moto wa nyikani. Mamia ya maelfu ya watu waliiweka mahali pa picha zao wenyewe. Mikusanyiko iliitishwa Los Angeles, kama tulivyosema, na pia katika miji mingine, miongoni mwake New York na Chicago. Watu wasiofahamiana walijiona kuwa wa upande mmoja.

Wachekeshaji wenzake nao hawakukaa kando. Bw. Letterman, mwenye kumbukumbu ya mwaka 1992, alimshambulia Bw. Leno kila usiku. Bw. Jimmy Kimmel wa kampuni ya ABC aliendesha kipindi kizima akiwa amejigeuza kuwa Bw. Leno, kwa nywele na kidevu. Bw. O'Brien mwenyewe, aliyejua kwamba hana cha kupoteza, aliidhihaki NBC kwa kutumia jukwaa la NBC. Na hapo idadi ya waliomtazama ikaanza kupanda.

Lawama nyingi zilimwangukia Bw. Leno. Je, zilikuwa za haki? Kwa kiasi fulani tu. Ni kweli kwamba alikubali kurudi katika kiti alichokwisha kukiaga. Lakini si yeye aliyeandika mpango wa mwaka 2004, na alipoambiwa aondoke alikuwa akiongoza. Yeye pia alikuwa na wafanyakazi wengi waliomtegemea. Umma ukikasirika hutafuta uso wa kuutupia hasira, na uso wa mchekeshaji ulijulikana kuliko nyuso za wakurugenzi.

Kulikuwa pia na sauti za waliokerwa na kelele zote hizo. Tarehe ile ile ya 12 Januari, waraka ulipotolewa, tetemeko kubwa la ardhi liliuvunja mji wa Port-au-Prince nchini Haiti na kuua watu kwa makumi ya maelfu. Huko Marekani kwenyewe takriban mtu 1 kati ya 10 wenye kutafuta kazi alikuwa hana kazi. Wakosoaji waliuliza inakuwaje taifa likeshe likibishana juu ya matajiri wawili na saa zao za kuonekana. Hoja hiyo ina uzito, na waraka wa Bw. O'Brien ulikuwa umeitambua.

Lakini yamkini ugumu wa nyakati zile ndio ulioeleza hasira yenyewe. Vijana wengi waliosimama mvuani walikuwa wa kizazi kilichoambiwa: soma, fanya kazi kwa bidii, subiri zamu yako, nawe utapewa. Mwaka ule zamu nyingi hazikufika. Walipomwona mtu aliyesubiri miaka mitano akipewa kiti kisha akinyang'anywa baada ya miezi saba kwa ajili ya mzee asiyetaka kuondoka, hawakuona mchekeshaji tajiri. Walijiona wenyewe. Machozi ya msibani aghalabu hubeba misiba mingine ambayo mlizi hakupata nafasi ya kuililia.

USIKU WA MWISHO

Tarehe 21 Januari makubaliano yalitiwa sahihi. NBC ililipa takriban dola milioni 45 kwa jumla. Kati ya hizo kiasi cha milioni 33 zilikuwa za Bw. O'Brien mwenyewe, na milioni 12 zikawa za wafanyakazi wake wapatao 200. Wengi wao walikuwa wamehama kutoka New York pamoja naye, wakahamisha na watoto wao shule, kwa kazi iliyodumu chini ya mwaka mmoja. Hao ndio waliostahili huruma kuliko wote, nao hawakuchorwa katika bango lolote. Kwa upande wake Bw. O'Brien alikubali kutoonekana katika televisheni hadi mwezi Septemba.

Usiku wa tarehe 22 Januari zaidi ya watu milioni 10 walimtazama akiaga. Walikuwapo wacheza sinema Tom Hanks na Will Ferrell, na Neil Young aliimba. Wengi walitarajia matusi ya mwisho. Badala yake Bw. O'Brien aliishukuru NBC kwa zaidi ya miaka 20 aliyoifanyia kazi. Aliwashukuru watu waliosimama mvuani, akisema wameugeuza msiba kuwa furaha. Kisha akawaomba vijana jambo moja: wasiwe watu wa kubeza na kukata tamaa. Alisema kwamba katika maisha hakuna anayepata hasa alichokitarajia, lakini mwenye kufanya kazi kwa bidii na kuwatendea wengine wema atapata mambo makubwa. Sauti yake ilitetemeka. Baada ya maneno hayo alichukua gitaa, akapiga pamoja na bendi, na kipindi kikafungwa kwa muziki.

BAADA YA KILIO

Tarehe 1 Machi 2010 Bw. Leno alirudi katika kiti chake cha zamani. Alikaa hadi tarehe 6 Februari 2014, alipompisha Bw. Jimmy Fallon, na safari hiyo aliondoka kweli. Bw. O'Brien naye, kwa kuwa alizuiliwa televisheni na si majukwaa, alianza ziara ya miji mingi tarehe 12 Aprili 2010 huko Eugene, katika jimbo la Oregon. Tikiti ziligombewa. Tarehe 8 Novemba mwaka huo alianza kipindi kipya katika kituo cha TBS, na usiku wa kwanza watu zaidi ya milioni 4 walikitazama.

Hapa ndipo penye funzo lenye uchungu. Baada ya muda sehemu kubwa ya watu hao walitawanyika, na wachache ndio waliobaki naye kila usiku hadi alipokifunga kipindi hicho mwezi Juni 2021. Ukiyalinganisha mambo, utaona kwamba watu milioni 10 walikuja kumzika, ilhali milioni 2 na nusu tu ndio waliokuwa wakimtembelea alipokuwa hai. Wengi wa walioinua mabango walimpenda kweli. Lakini walimtazama asubuhi yake kwa vipande vifupi katika intaneti, au walilala mapema, au walidhani angekuwapo siku zote. Majuto ni mjukuu.

Kampuni ya televisheni haina mizani ya kupimia mapenzi. Ina mizani ya kuhesabia macho yaliyo wazi saa 5:35 usiku. Wakurugenzi wa NBC walivunja ahadi, na lawama yao haifutiki. Lakini mtazamaji asiyeketi mbele ya chombo chake saa ile naye alitia sahihi yake katika uamuzi huo bila kujua.

Je, kuwapo kwa watazamaji kungetosha kumlinda mtu? Si lazima. Mwezi Julai 2025 kampuni ya CBS ilitangaza kwamba kipindi cha Bw. Stephen Colbert, aliyerithi kiti cha Bw. Letterman mwaka 2015, kingekoma Mei 2026, wala kisingepewa mwenyeji mwingine. Bw. Colbert alikuwa akiongoza katika saa yake. Kampuni ilisema kwamba sababu ilikuwa fedha tu. Lakini siku tatu kabla ya hapo yeye alikuwa amewakosoa wenye kampuni hiyo kwa kukubali kumlipa Rais Donald Trump dola milioni 16 ili kumaliza kesi, wakati walipokuwa wakisubiri kibali cha serikali cha kuungana na kampuni nyingine. Umma uligawanyika juu ya maelezo hayo, na watu wakakusanyika tena kwa mabango nje ya ukumbi wa New York. Mwaka 2010 waliuliza nani atakaa kitini. Mwaka 2025 waliuliza kama kiti chenyewe kitabaki.

Tarehe 9 Aprili 2024 Bw. O'Brien aliingia tena katika studio ya The Tonight Show, kwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa mwaka 2010. Safari hii alikuwa mgeni wa Bw. Fallon. Hakuketi nyuma ya meza. Aliketi kando, mahali pa wageni, akazungumza, akawachekesha waliokuwapo, kisha muda wake ulipokwisha akaaga na kuondoka.